Kibuyu cha Chumvi na Asali

Jepkosgei alijifunza kuchanganya kinywaji kile kwa sababu ya hofu. Ilikuwa Januari 1968, na alikuwa ameolewa miezi saba. Mumewe, Kimutai, alikuwa mmoja wa watu thelathini na sita waliochanga na kununua shamba la mzungu huko Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret. Mzungu alikuwa ameshaondoka, na ngano yake ya mwisho ilikuwa imevunwa. Wanachama walipiga kura kugawana vipande, na Kimutai akapata kipande cha kona ya mbali, kwenye nguzo ya mwisho ya ua wa waya.

Kila alfajiri Kimutai alizunguka shamba lote mara mbili, akikimbia miguu mitupu kwenye njia ya trekta. Mwishoni mwa Februari kungekuwa na mashindano kutoka mjini hadi Kapseret na kurudi. Watatu wa kwanza wangeandikwa kazi ya polisi na kuingia katika timu yao ya riadha. Kimutai hakuwa na wazo lingine kichwani.

Asubuhi moja alirudi nyumbani mabega yakiwa meupe kwa chumvi ya jasho lililokauka. Alikunywa maji baridi karibu nusu ndoo bila kupumua, kisha akayatapika yote. Misuli ya miguu ilijikaza ikawa kama mafundo ya kamba. Alimtazama Jepkosgei kwa macho ya mtoto.

"Mama," alimwambia, "kuna mtu nyuma yangu."

Mama yake Kimutai alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

Siku hiyo hiyo Jepkosgei alitembea hadi zahanati, akamweleza muuguzi, mwanamke wa Busia aliyeitwa Nabwire.

"Mama, umewahi kuonja machozi yako?" Nabwire aliuliza.

"Kila mtu ameyaonja."

"Jasho nalo ni hivyo hivyo. Mzee wako anamwaga chumvi barabarani halafu wewe unamrudishia maji matupu. Chemsha maji ya kujaza chupa mbili za bia. Yakipoa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vitano vya asali, na maji ya limau moja. Onja. Yakiwa na chumvi kushinda machozi, mwaga uanze upya."

"Na huyo mtu wa nyuma?"

Nabwire alicheka. "Mwili ukikosa maji na chumvi, kichwa huongea peke yake. Mnyweshe, huyo mtu ataenda kwao."

Asali ilipatikana kwa Wakeiyo waliopanda kutoka bondeni kuiuza. Malimau yalikuwa kwenye mti mmoja nyuma ya jiko la mzungu, ambalo sasa lilikuwa halina mlango. Jepkosgei alichanganya kama alivyoagizwa, akaonja, akatia kinywaji kwenye kibuyu kipya. Kesho yake alikipeleka hadi nguzo ya kona, ambako Kimutai angekuwa amemaliza mzunguko wa kwanza.

Kwao Jepkosgei, kibuyu kilipofunguliwa, tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Yeye alikuwa amebatizwa na aliimba kanisani kila Jumapili, lakini mkono wake ulimwaga kabla kichwa hakijakumbuka ubatizo. Alimwaga kidogo chini ya nguzo, kisha akampa mumewe.

Kimutai alikunja uso. "Umenitengenezea dawa ya ng'ombe?"

"Ng'ombe akilamba chumvi hutoa maziwa. Wewe toa pumzi."

"Nikianza kulia moo utanifunga kamba?"

"Nitakukama kwanza. Kunywa, jua linapanda."

Alikunywa, akaondoka. Mzunguko wa pili aliumaliza bila kuyumba. Hakutapika, na miguu haikujikaza. Ndani ya wiki mbili alikuwa akikimbia kama mtu aliyeazimwa mapafu mapya, na Jepkosgei alimshukuru Mungu na Nabwire kwa pamoja.

Lakini yule mtu wa nyuma hakwenda kwao.

"Nilikuwa namsikia nikiwa nimechoka tu," Kimutai alimwambia wakati wa chai. "Mbali, kule kwenye mabua ya ngano. Sasa namsikia tangu mwanzo. Na anakimbia vizuri kuliko zamani."

"Ni mwangwi wa miguu yako."

"Mwangwi haukohoi, Jepkosgei."

Alitaka kumcheka, akashindwa, kwa kuwa naye alikuwa ameona kitu ambacho hakuwa amekisema. Pale alipomwaga kinywaji, udongo ulikauka papo hapo, kana kwamba umenyonywa. Isitoshe, asali ilikuwa imemwagika mahali pamoja kwa siku kumi na nne, na hakuna siafu wala sisimizi hata mmoja aliyewahi kupita hapo.

Kesho yake alifika kwenye kona mapema, akakaa kimya. Alimsikia Kimutai akija, nyayo zake nyepesi kwenye vumbi. Nyuma yake, hatua kama ishirini, alisikia nyayo nyingine, nzito kidogo, zenye pumzi ya mtu aliyekauka koo. Kimutai alitokea kwenye mpindo wa njia. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nyayo ziliendelea kuja, zikanyamaza zilipofika kwenye nguzo.

Jepkosgei hakuwa amekimbia. Hakuwa na kiu. Kichwa chake hakikuwa na sababu ya kuongea peke yake.

Alikwenda kwa Mzee Wasike, aliyekuwa dereva wa trekta la mzungu kwa miaka ishirini na bado alikaa kwenye nyumba za wafanyakazi. Wasike alisikiliza huku akikwangua tope kavu kwenye jembe.

"Pale kwenye nguzo tulimzika Jeconia," alisema hatimaye. "Alikuwa tarishi wa bwana. Alikimbia na barua mpaka Sisibo, huko mjini Eldoret, na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Kiangazi kimoja aliugua tumbo, bwana akasema ni uvivu, akamtuma hivyo hivyo. Alirudi hadi pale, akaanguka. Kutoka pale bomba la maji unaliona kwa macho."

"Hamkuwaambia watu wake?"

"Tuliambiwa tuchimbe, tukachimba." Wasike aliweka jembe chini. "Mama, umekuwa ukimpa nini?"

"Maji ya chumvi na asali."

"Basi umempa alichokosa. Sasa atataka kufika."

"Kufika wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimehama."

Siku zilizofuata Jepkosgei alizihesabu kwa hatua. Kutoka hatua ishirini nyuma ya Kimutai, nyayo zilisogea hadi kumi, kisha tano. Jumatano kabla ya mashindano, Kimutai alipopokea kibuyu, shingo yake ilikuwa na vipele vya baridi upande mmoja, kama mtu anayepumuliwa.

"Leo simwagi," Jepkosgei alisema.

"Mwaga."

"Kimutai, anakufikia. Akikushika je?"

"Hajanishika. Ninamkimbia, ndiyo maana nina mbio." Alisema kwa upole, na upole huo ulimtisha mkewe zaidi. "Bila yeye mimi ni mtu wa nane au wa tisa. Niachie yeye mpaka Jumamosi. Nikishaandikwa polisi, mnyime hata umande."

Jepkosgei alimwaga.

Jumamosi, barabara ya kutoka mjini ilijaa watu. Mahali pa kugeukia palikuwa karibu na lango la shamba lao, na wake na dada za wakimbiaji walikuwa wamesimama hapo na maji, chai, hata maziwa. Jepkosgei alisimama mbali na wenzake akiwa na kibuyu. Wanaume wawili walipita. Kimutai alikuwa wa tatu, na nyuma yake kulikuwa na nafasi kubwa kabla ya wa nne.

Katika nafasi ile, Jepkosgei alizisikia zile nyayo. Hazikuwa hatua tano nyuma tena. Kila Kimutai aliponyanyua kisigino, unyayo mwingine ulitua palepale kabla vumbi halijatulia. Watu waliosimama karibu na njia walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, bila kutazamana.

Kimutai alinyoosha mkono. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Mpe kwanza," alisema.

Jepkosgei aliona mabega ya mumewe yameinama mbele, kama ya mtu aliyebebeshwa mzigo. Alifungua kibuyu akakiweka kwenye midomo ya Kimutai, akamshika kichwa kwa mkono mwingine, na hakukiondoa hadi kilipokuwa kitupu. Hakuna tone lililogusa ardhi.

"Nenda," alimwambia. "Nenda peke yako."

Kimutai aligeuka akakimbia kuelekea mjini. Nyuma yake palikuwa kimya. Baada ya hatua hamsini hivi aligeuza kichwa kusikiliza, akageuza tena, na kila alipogeuza alipunguza mwendo. Wa nne alimpita, kisha wa tano. Aliingia uwanjani akiwa wa saba.

Jepkosgei alibaki ameshika kibuyu kitupu. Karibu na sikio lake la kulia kulikuwa na pumzi ya mtu aliyekauka koo, akingoja kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuomba mara mbili.

Kimutai hakumsema vibaya. Alilima, wakapata watoto wanne, na hakukimbia tena. Siku moja tu, wakipalilia mahindi, aliuliza bila kuinua macho, "Alibaki wapi?"

"Alibaki na mimi," Jepkosgei alisema, akaendelea kupalilia.

Watu wa Kapseret wanamjua kwa kinywaji chake. Mtoto akiharisha, mvunaji akizimia shambani, mashindano ya shule yakifika, huitwa Mama Jepkosgei na kibuyu chake, naye huonja kwanza na kukumbusha kipimo cha machozi. Wanamjua pia kwa mwendo wake. Hutembea taratibu, hata mvua ya mawe ikimkuta njiani, hata mwaka ule fahali alipovunja ua na wanawake wote wakatawanyika wakipiga mayowe. Yeye alitembea hadi kwenye lango, akalifungua, akapita, akalifunga. Walipomuuliza kwa nini hakukimbia, alisema kwamba kama angekimbia, wangekimbia wawili.