Nilimsomea Jirani Barua Ambayo Haikuandikwa

Mhariri, naomba jina langu libaki kwako. Wasomaji wa ukurasa huu wa Jumapili, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, naishi mtaa wa Tena, hapa Nairobi. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, namwona mara mbili kwa mwezi, na Mungu hakutujalia watoto. Nimesoma hadi kidato cha pili. Msicheke, katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hiyo ilikuwa digrii.

Kwa miaka mingi mlango wangu haukujua kufungwa. Wanawake wa ploti walikuja na barua za nyumbani, kadi za kliniki, ripoti za watoto, hata chupa za dawa. "Karani, ofisi iko wazi?" waliuliza huku wameshaketi. Nilijifanya wananisumbua. Kumbe hao ndio waliokuwa jamaa yangu.

Aliyekuja zaidi ni jirani nitakayemwita Mama Mutua. Sote wawili ni Wakamba. Yeye husuka vyondo, vile vikapu vya katani, na kuvipeleka soko la Kariokor vitiwe mikanda ya ngozi. Aliolewa bila ridhaa ya baba yake, kisha mumewe akaenda Mombasa kuchonga vinyago na akanyamaza jumla. Akabaki na watoto wawili na aibu ya kurudi kwao. Jioni tulipika pamoja, na watoto wake wakaniita mama mkubwa. Nilikuwa na raha jamani, siwafichi.

Mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporudi, aliletewa barua kutoka kwa mama yake, ambaye pia hajui kusoma na aliandikiwa na katekista wa huko. Mama Mutua aliketi kwenye kigoda akaniambia, "Soma, dada. Moyo wanidunda."

Barua ilisema: "Mwanangu mpendwa, baba yako amelegeza moyo. Rudi nyumbani na watoto. Chumba nimekifagia. Njoo kabla ya mvua tupande pamoja."

Niliyaona maneno hayo yote kwa mara moja, na nikaona pia chumba cha jirani kikiwa kitupu, mimi nimekaa na redio. Mdomo wangu ukasoma, "Mwanangu mpendwa, vumilia huko uliko. Usirudi nyuma. Mungu na majirani wema watakutunza."

Hao majirani wema niliwatia mimi mwenyewe. Ona aibu!

Mama Mutua alilia, kisha akaniomba nimwandikie jibu. "Mwambie nimesikia. Mwambie nitakaa huku huku." Niliandika vivyo hivyo, sikuongeza wala kupunguza, nikaipeleka posta mwenyewe. Mama yake hakuandika tena. Sasa ni miaka mitatu, na huyu binti wa watu anaamini mama yake alimchoka.

Mwaka jana likafunguliwa darasa la ngumbaru, la watu wazima kujifunza kusoma, katika ukumbi wa kanisa. Niliwacheka. "Mtasoma saa ngapi na vidole vimeshakauka?" Lakini walikwenda, alasiri baada ya alasiri, na madaftari yao kwenye vyondo. Leo mmoja anasoma mwenyewe kwenye chupa mtoto anywe vijiko vingapi. Chama chao cha akiba kina mwandishi kutoka miongoni mwao. Notisi ya maji ikibandikwa getini wanaisoma kwa sauti wote pamoja, hata wasio na haja nayo, kisha wanajadiliana nani aende kwa mwenye ploti. Zamani walikuwa hawajuani hivyo. Mama Mutua na mwanawe wanafanya kazi ya shule kwenye meza moja, na kijana aliyekuwa mtoro sasa anamsahihisha mama yake na kumcheka.

Ni jambo jema, nami nalijua. Lakini mlango wangu haugongwi. Wakikutana nami bombani wanasema, "Karani, siku hizi tumekunyima kazi!" Nacheka nao. Nikirudi ndani nalia. Juzi nilipika chai ya sufuria kubwa kwa mazoea, nikanywa kikombe kimoja na kumwaga iliyobaki.

Mwezi ujao watapewa vyeti, na mwalimu amewaambia kila mmoja achague kitu chake cha kusoma mbele ya wageni. Mama Mutua amechagua barua ile. Mwandiko wa kuunganisha bado unamshinda, kwa hiyo Jumanne alikuja, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akaitoa kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada, ninakilie kwa herufi za kuchapa nijizoeze. Haya ndiyo maneno yaliyonishikilia mjini. Siku hiyo utakaa mbele. Nikikwama utanisaidia, si unaijua kwa moyo?"

Ameniachia hadi mwisho wa mwezi. Aliniambia pia kwamba mtu wa kwao alipita Nairobi, akasema mama yupo hai, ila macho yameanza kufifia.

Sasa nina karatasi tupu. Nikinakili uongo wangu na barua yenyewe "ipotee", atasimama mbele ya watu asome kwa furaha maneno yangu, na mama yake ataendelea kungoja. Nikinakili ukweli, ataujua bila mimi kuwapo, akiwa mezani na mwanawe, na mimi nitakuwa nimempoteza mtu wa pekee aliyenikumbuka. Kumwambia uso kwa uso nimejaribu mara mbili. Nilifika mlangoni pake, nikasikia anasoma silabi kwa silabi na watoto, nikarudi.

Nimeandika "Mwanangu mpendwa" kisha nikasimama, maana hapo tu ndipo barua zote mbili zinapofanana. Wenzangu, mnishauri hata kama ni kwa matusi, nayastahili. Mstari unaofuata niandike upi?