Mistari Minne ya Kahawa

Kijijini kwetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, ndizi zilikuwa za mama na kahawa ilikuwa ya baba. Mama aliipalilia kahawa, akaichuma, akaianika, ila hakuwa na neno juu yake. Wala hatukuinywa, sisi tulikuwa watu wa chai. Shuleni tuliambiwa kung'oa mbuni ni kosa kisheria, nami niliamini polisi wanaijua mibuni yetu mmoja mmoja.

Kisha biashara ikawa huria. Wanunuzi wapya wakaja na mizani zao, dawa tuliyozoea kuletewa ikawa ya kutafutwa madukani mjini, na bei ikaporomoka. Majani ya mibuni yakashika ugonjwa wa kutu. Ndipo mama alipoomba mistari minne apande karoti.

"Baba, watoto hawali kahawa," alisema huku akimenya ndizi.

Wiki nzima baba alizunguka kwenye mibuni ile, maana aliipanda babu. Mama naye akaendelea kupika na kukama kama vile hakuomba kitu. Mvumilivu hula mbivu, husema watu. Mimi niliona tutakula mbichi.

Jumamosi asubuhi baba alitoka na shoka na sururu. Alivua kofia mbele ya mbuni wa kwanza, akausalimia kwa Kimeru kama anavyosalimiwa mzee, kisha akachimba. Mizizi ilishuka mpaka naye akazama kiunoni. Majirani walipita wakitazama upande wa pili, wasije wakaitwa mashahidi. Mbuni ulipoanguka nilisubiri polisi, hakuja mtu. Nikachungulia shimoni. Udongo ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu, na haukuwa umeona jua tangu kabla baba hajazaliwa. Nilistaajabu, nikaogopa hata kuugusa.

Kazi ilichukua siku sita. Alipomaliza, mikono imechubuka, baba alisimama na jembe katikati ya ardhi ile tupu. Alijua kila jiwe la shamba lake, na sikuwahi kumsikia akimuuliza mwanamke jambo lolote kuhusu ardhi. Alimgeukia mama.

"Mama, matuta yaelekee wapi?"

Hata mlima wenyewe ungehama siku ile nisingeshangaa zaidi. Mama alivua kandambili, akaingia shambani, akatangulia. Baba akamfuata nyuma.