Kompyuta ya Sita

Waliniambia sitaweza. Niliporudi Kampala kutoka Nairobi na diploma yangu ya kompyuta, fundi viatu wa mtaa wetu wa Nateete alinipima kwa macho mbele ya watu. "Diploma bila kompyuta," akasema, "ni mimi na nyundo bila kiatu." Miezi minne baadaye nilikuwa na chumba cha michezo ya mtandaoni chenye kompyuta sita.

Sikununua hata moja. Niliziazima kwa majirani zikiwa zimechoka, nikaziwekea mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, nazo zikakimbia kama mpya. Upande ule hakuna fundi mwingine aliyethubutu.

Ya sita ilikuwa ya mama mshonaji aliyekimbia vita Kongo. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya kesi yake ya ukimbizi, pamoja na majina ya ndugu waliobaki kule na mahali wanapolala. "Mwanangu, hii ni amana," aliniambia. "Hayo majina yasionwe na mtu; waliotufukuza bado wanawatafuta." Nikaapa.

Kisha mchezo wa bunduki uliojaza chumba changu ukaletewa programu ya kuwanasa wadanganyifu, na programu hiyo haikuitaka Linux. Wateja wangu waaminifu walitupwa nje ya mchezo kama wezi. "Bosi, mashine zako zimekataliwa," walisema, wakahamia chumba kingine cha michezo huko Mengo.

Dawa ilikuwa kuweka mfumo wa Windows. Kompyuta tano zisingetosha, kwa sababu walicheza watatu kwa watatu. Basi niliiweka hata kwenye ya mama, bila kugusa faili zake. Ile programu ya kuwanasa wadanganyifu huingia hadi kwenye mzizi wa mashine, huamka mashine inapowashwa, na inaweza kusoma chochote kilichomo. Ukurasa wake wenyewe ulieleza hivyo. Sikuusoma mpaka mwisho. Nilibonyeza "Nakubali" mara sita, chumba kikajaa, nikatamba mtaa mzima.

Siku moja mama alipita kupima mapazia niliyomwagiza. Mteja mmoja akamtania, "Mama, kompyuta yako siku hizi ina askari. Anapekua mpaka mifukoni."

"Askari gani, mwanangu?" aliniuliza.

"Wa mchezo tu, mama. Mimi haya nimeyasomea."

"Sijauliza shule. Anaweza kuyaona yale majina?"

"Anaweza. Kama ameyaona, sijui."

"Nani alimruhusu?"

Mama alikunja utepe wake wa kupimia, akaenda kununua flashi, akasimama nyuma yangu hadi nilipohamisha na kufuta kila faili. Nikamwomba aichukue na kompyuta. "Baki nayo," alisema. "Si amana tena, ni chuma." Jioni hiyo aliwapigia ndugu zake simu wahame nyumba. Walihama, wakaacha shamba lao likiwa na mihogo ardhini.

Ningeweza kuacha kiti kimoja kitupu. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka fundi viatu akione chumba kimejaa.

Baadaye nilinunua kompyuta sita zangu mwenyewe, kwa jasho langu, na siku moja nikazirudisha zote za watu. Kitu cha kuazima hakirudi mikono mitupu, kwa hiyo kila moja niliipeleka na kilo mbili za sukari. Watano walinisifu mpaka barabarani.

Mama alipokea kompyuta, akaiweka chini ya cherehani.

"Chuma nimepokea, bwana," alisema. "Sukari rudi nayo."