Msumari wa Kwanza wa Mama Ivy

Mimi Nuriat, muuza chapati wa Namatala hapa Mbale, sina kifua cha kuweka maneno. Nikinyamaza naumwa kichwa. Kwa hiyo haya ya jirani yangu Mama Ivy nayasema, na mwenye kuchukia achukie, chapati atakuja kununua tu.

Jina lake ni Adero. Mjaluo wa upande wa Kenya, mrefu, na sauti yake ukiisikia alfajiri huhitaji jogoo. Mumewe, Ooko, alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Kenya, na ndiye aliyenunua ile nyumba tunayopakana ukuta: vyumba viwili vya matofali na bati kuukuu juu. Ooko akaugua, akafa, Mungu amrehemu. Akamwachia mkewe binti mmoja, Ivy, anayesomea unesi na amepanga chumba kule Nkoma. Akamwachia na paa ambalo mvua ikinyesha unafungua mwavuli kitandani.

Mama Ivy alilia siku za kulia, kisha akarudi kwenye samaki. Kila wiki anakwenda Jinja, mwalo wa Masese wanakoshusha samaki, ananunua, anarudi Mbale kukaanga na kuuza. Kazi ile si ya mtu mvivu, na harufu yake haikuachi hata ukienda kanisani.

Siku moja naingia kwake kuomba chumvi, namkuta kasimama na kipande cha mkaa mkononi, anaandika kwenye ukuta wa sebuleni, ule uliobabuka plasta. Bati, kaandika, na bei yake. Mbao. Misumari. Fundi. Saruji na mchanga.

"Mama Ivy, huu ni ukuta au ubao wa shule?"

"Karatasi inapotea, Nuriat. Ukuta huu nikiamka nauona, nikilala nauona. Siku nikiupiga plasta, ujue nimemaliza."

Chini kabisa aliandika: Nilivyosahau. Na pembeni kaweka pesa, tena si kidogo. Nikacheka mpaka nikashika mlango.

"Kitu umekisahau, bei yake umeijuaje?"

"Hujawahi kujenga wewe. Kilichosahaulika ndicho ghali kuliko vyote."

Basi akaanza. Bati hakununua Mbale, alisema wa hapa wanauza kwa kumtazama mtu usoni. Alizinunua huko huko Jinja, chache chache kila safari, akazipakia juu ya lori la samaki. Dereva alikubali kwa malipo ya sangara wa kukaanga. Zikifika, zinawekwa kwangu, nyuma ya jiko. Astaghfirullah! Paka wote wa Namatala walihamia kwangu. Wateja wakawa wananiuliza kama siku hizi chapati natia dagaa. Nilivumilia kwa sababu kila bati moja likiingia, Mama Ivy alikuwa anapiga mstari mmoja ukutani kwa raha zake, na mimi raha yake naipenda.

Hapo ndipo Obura alipotokea.

Obura ni mdogo wake marehemu, anakaa Busia, mtu wa koti na maneno mengi. Alikuja mchana, akala, akajifuta mdomo, akasimama kuusoma ule ukuta. Mimi nilikuwepo, nimeleta chapati.

Nieleze kwanza mila yao, maana bila hiyo hutaelewa. Kwa wazee wa Kijaluo, mjane hagusi paa. Nyumba ya marehemu haiezekwi mpaka ndugu wa mume amrithi mjane, alale humo, kisha ndugu huyo apige msumari wa kwanza. Ukivunja mwiko, inashuka chira: mtu anakonda bila ugonjwa, watoto wanakwisha. Sisi Waislamu mjane ana eda yake, ikiisha imeisha, anajiamulia. Lakini mila ya mtu huichekei sebuleni kwake.

"Shemeji," Obura akasema, "hesabu yako nzuri. Ila mimi sijajiona."

"Ujione wapi?"

"Hapa. Kuna mbuzi wa wazee, kuna nauli yangu, kuna godoro jipya. Na pesa ya bati zilizobaki unipe mimi ninunue. Mwanamke anadanganywa dukani."

Akaokota mkaa, wallahi naapa, akaandika chini ya Nilivyosahau, kwa herufi kubwa: OBURA. Bei hakuweka.

Mama Ivy akamtazama. "Shemeji, Ooko alipolazwa hospitali ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na shughuli."

"Basi endelea nazo."

Uso wa Obura ukabadilika. Akachukua koti lake. "Piga msumari bila mimi. Lakini Ivy akianza kukauka, usinipigie simu."

Akaondoka. Haya, mimi nilidhani Mama Ivy atatukana, maana matusi anayajua. Badala yake akakaa chini, sufuria haoshi, samaki hageuzi.

"Naogopa, Nuriat," akaniambia. "Mimi mwenyewe sijali, hata nife kesho. Amenitajia mtoto."

"Futa hilo jina basi, lisikukae machoni!"

"Aa-aa. Liache hapo hapo."

Akamwita Ivy. Binti akaja na boda kutoka Nkoma, akasoma ukuta, akaelezwa yote. Nilifikiri mama atamshauri mwana. Wapi! Mwana ndiye aliyesema. "Mama, nimekua ninalala na beseni miguuni. Kama ni kukauka, mimi nataka kukauka." Tukacheka watatu, cheko la watu wenye hofu, lakini tulicheka.

Pesa ilipotimia, akaitwa fundi Nicanor. Naye Mjaluo, kazi yake safi, anakunywa chai kama trekta. Asubuhi akashusha bati za zamani zote, akabadilisha mbao zilizooza. Nyumba ikawa wazi, kitanda na makochi ya watu yanatazama mbingu. Bati mpya zimepangwa chini. Ndipo simu ya Nicanor ikalia.

"Ndiyo, ndugu Obura," nikamsikia. "Ndiyo. Ndiyo. Naelewa."

Akashuka ngazi, akaweka nyundo chini kwa adabu kama anaweka mtoto. "Mama Ivy, unisamehe. Nina mke, nina watoto. Msumari wa kwanza mimi sipigi."

Nilimjia juu! "Nicanor, umeivua nyumba ya watu nguo, halafu unaondoka? Huoni kule?" Maana juu ya mlima Wanale wingu lilikuwa limeshakaa, jeusi tititi, na Wanale akivaa wingu la namna ile Mbale nzima inaanua nguo.

Watu wakajaa. Namatala hatuna kazi ya kutuzuia kutazama mambo ya wengine. Mmoja anasema aitwe Obura haraka, boda ipo. Mwingine anasema lipa mbuzi yaishe. Nikamwona Mama Ivy anatazama wingu, anatazama kitanda chake. Nikasema moyoni, leo ameshindwa huyu.

Akamgeukia Nicanor. Sauti yake ya jogoo haikuwepo, aliuliza taratibu. "Nicanor, mwiko wako ni paa lote, au ni msumari wa kwanza?"

Nicanor akakuna kichwa. "Ni wa kwanza. Huo ndio una mwenyewe."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni kazi tu, mama."

"Lete nyundo."

Akajifunga leso kiunoni, akashika ngazi. Ivy akaishika kwa chini kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa Kigisu akapiga kelele, "Mama, shuka! Mwanamuke hapana panda juu ya nyumba!"

"Mwanamke hapandi," Mama Ivy akamjibu akiwa katikati ya ngazi, "lakini maji yanamnyeshea mwanamke! Nuriat, lete bati!"

Mimi na mikono yangu ya unga nikainua bati, linanuka samaki, nikampa. Akaliweka. Akashika msumari, akapiga. Akapiga kidole gumba! Akasema kitu kwa Kijaluo, sijui maana yake, ila Ivy alifumba macho kwa aibu. Damu inatoka, naye anainua nyundo tena.

"Ooko!" akapaza sauti, na jogoo amerudi. "Nyumba yako ninaifunika mimi! Mwenye neno anipandie huku juu!"

Hakuna aliyepanda. Akapiga, akapiga, msumari ukazama mpaka shingoni.

Kisha Nicanor akakunja mikono ya shati. "Haya, shuka, mama, usije ukaanguka. Mimi sasa niko kazini." Sijawahi kuona mtu akifanya kazi kwa kasi vile, na mwoga wa dakika tano nyuma ndiye aliyekuwa anatukaripia sisi kwamba tunachelewesha bati. Mvua ilimkuta chumba kimoja kimefunikwa na cha pili bado nusu. Mama Ivy akanituma mbio nikanunue turubai, na pesa alinipa bila kuhesabu mara mbili. Turubai halikuwa limeandikwa popote ukutani. Lilitoka kwenye Nilivyosahau. Sikucheka tena.

Paa likaisha. Ikaja zamu ya plasta, na fundi alipofika sebuleni akamkuta Mama Ivy ameshika mwiko wa saruji mwenyewe. Alianzia chini, pale penye jina. Akalifunika, akasawazisha, akapigapiga kwa kiganja, kisha akamwachia fundi ukuta uliobaki.

Obura alikuja mwezi uliofuata, mvua inamwagika, koti limemlowa, na begi kubwa mkononi. Nadhani Busia walimwambia nyumba imependeza. Mama Ivy akampa taulo, akampa kiti, akamwekea samaki na ugali. Ivy alikuwepo kwa likizo, amenenepa mashavu, akamsalimu baba yake mdogo kwa heshima zote.

Bwana akatazama juu, hata tone. Akatazama ukuta, ukuta mweupe.

"Jina langu liko wapi?"

"Lipo, shemeji. Sikulifuta. Limelala humo ndani ya plasta."

"Na begi niliweke wapi?"

"Hapo hapo mlangoni, usije ukalisahau ukitoka."

Nikajitia kukohoa. Obura akaweka tonge chini. "Sasa huo msumari wa kwanza alipiga nani?"

Mama Ivy akamnyooshea kidole gumba mezani, karibu na sahani, ukucha wake mweusi wote, bado haujang'oka.

"Kula, mgeni wetu," akasema. "Samaki anapoa."