Mama Aliyezijua Taka za Gitega

Nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima, baada ya kukulia kambini Tanzania. Kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri nikapata kibarua Gitega, katika ofisi iliyokuwa ikiandaa mpango wa serikali wa kupunguza taka. Kazi yangu ilikuwa kuandika yanayosemwa mikutanoni.

Hakuna aliyezijua taka za mji ule kama mama mmoja mjane, mzaliwa wa Muyinga, aliyeokota chupa na vyuma jalalani kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyemwalika mkutanoni. Alikuja na kitenge kilichopigwa pasi, akakaa karibu na mlango. Alipopewa nafasi alieleza kwamba sehemu kubwa ni maganda ya ndizi na mabaki ya maharage, na watu wakiyatenga nyumbani yatakuwa mbolea. Chupa na vyuma vina wanunuzi wake. Cha kufukia kinabaki kidogo. Wakubwa waliitikia kwa vichwa, na karibu yote aliyosema yakaingia kwenye mpango.

Kisha mkuu wangu akaniagiza niongeze kwamba jalala litazungushiwa uzio na asiye mfanyakazi haingii. Nikamuuliza waokotaji watakwenda wapi. Akasema hao watafikiriwa baadaye. Nikaandika, maana nilihofia kibarua changu.

Uzio ulijengwa kabla ya kitu kingine chochote. Siku lango lilipofungwa, mama yule alinijia ofisini, gunia tupu kalikunja kwapani. Alidhani mlinzi amekosea. Nikamwambia hakukosea.

"Lakini mi nilisema mbele yenu wote," akasema. "Na we uliandika."

Nikainamia karatasi zangu. Akaondoka na gunia lake.

Mwaka uliofuata nilitumwa Muyinga kuueleza mpango uleule. Katika soko la Gasorwe, hukohuko Muyinga, nikamkuta mama yule akiuza mihogo ya shamba la kaka yake. Alikuwa amekonda sana. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama watu wa Gitega wameanza kutenga maganda.

"Bado, mama. Vyote vinatupwa pamoja, vinachomwa."

"Basi mbolea iko inaungua," akasema, akamgeukia mteja.

Mchana niliwaeleza watu wa Gasorwe mpango huo. Yeye hakuja kusikiliza, nami sikuwa na uso wa kumwita.