Siku Tuliyolitoa Gari Gerejini Kimanga

Jirani yangu aliingia uani kwangu saa tatu asubuhi na hakutaka kukaa. Nilimsogezea kigoda, akakitazama tu. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na jasho la vidole lilikuwa limeanza kufuta wino.

"Mama ya mapacha," aliniambia, "nisomee hii. Miye Kifaransa sijuwi. Walinisomea ku gereji, lakini nataka nisikie na mu kinywa ya muntu mwingine."

Niliifungua. Ilikuwa orodha ya matengenezo ya gari lake: kulasi mpya, yaani kile kichwa cha chuma kinachokaa juu ya moteri, injini yenyewe, pampu ya maji, pistoni zote, kazi ya mafundi. Chini kabisa palikuwa na jumla ambayo ingemnunulia gari lingine kama lile, tena na matairi mazima. Na chini ya jumla kulikuwa na sentensi moja niliyoisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kumsomea: gari ambalo halijalipiwa baada ya siku tatu, gereji haitajibu kwa lolote litakalolipata.

Wakati ule kila mtu wa mji wetu wa Uvira alijua maana ya maneno kama hayo. Ilikuwa vita ya pili ya nchi yetu. Askari walikuwa wanapita kwenye nyua na gereji wakichukua magari, na gari lililochukuliwa lilipanda milimani kwenye mapigano na halikurudi. Wakati mwingine lilipanda pamoja na mwenyewe.

"Siku ya ngapi leo?" nilimuuliza.

"Ya pili."

Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mkulima wa mpunga kutoka Nyakabere, kijiji cha bondeni. Alihamia mjini na mke wake na wakwe zake wawili pale ambapo kulala kule bondeni kulikuwa kumeshindikana. Alizungumza Kirundi nyumbani kwake, lugha ambayo vita ilikuwa imeifanya ihesabiwe kuwa ya adui, na kwa sababu hiyo tu kuna watu wa mtaa wetu waliokuwa wanavuka upande mwingine wa njia wakimwona. Mimi ni mtu wa pwani ya ziwa, wazee wangu wote wamezikwa huku. Lakini mama yangu alipofariki, na hakuna dereva aliyekubali kushika barabara ya Fizi, mzee huyu ndiye aliyetandika mkeka nyuma ya kamionete yake, gari hilohilo, na kunipeleka na maiti hadi kwetu Makobola. Hakuniuliza kitu. Alisimama kando mpaka tukamaliza kuzika, akaturudisha.

Kwa hiyo nilipoona anaitazama ile karatasi mkononi mwangu, nilijua hakuja kusomewa tu. Alijua kwamba kabla ya vita nilikuwa nimetunza ghala la vipuri la kampuni moja ya pamba kule bondeni, miaka sita. Sikuwa fundi. Lakini nilikuwa nimewatolea mafundi kila kipuri kwa mkono wangu, na sikumtolea mtu kipuri kipya kabla hajanionyesha cha zamani na kunieleza kimekufaje.

"Iliharibika namna gani?" nilimuuliza.

"Nilitoka Makobola na magunia ya samaki ndagala. Pa kupanda, moshi ikatoka mbele, maji inachemuka. Nikazima mara moja. Nikangoja ipoe, nikaweka maji ya ziwa, nikatembea polepole mpaka mjini. Nikaingia nayo gereji."

"Uliingia nayo mwenyewe? Hawakukuvuta?"

"Mwenyewe."

Hapo niliirudia ile orodha. Moteri iliyopasuka kulasi na kuunguza pistoni haiingii gerejini kwa miguu yake. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba wanamdanganya, na kuelewa huko kulinitia hofu kuliko kutojua, maana sasa nilipaswa kufanya kitu.

Nitasema ukweli: nilitafuta sababu ya kutokwenda. Mume wangu alikuwa amevuka kwenda Bujumbura kutafuta kazi kabla mpaka haujafungwa, na watu wawili watatu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba hayuko Bujumbura, yuko milimani na wale wanaopigana na askari. Neno moja la mtu mwenye hasira lingetosha. Na bwana wa gereji ile alikuwa anakula meza moja na makamanda. Niliwaza binti zangu wa miaka saba. Nilimwambia mzee nitakuja baada ya kupika, nikitumaini atasema basi, usijisumbue. Hakusema. Alikwenda kukaa kwenye jiwe mlangoni pake akaningoja, na nilimwona kutoka jikoni muda wote ule, mikono yake katikati ya magoti.

Niliwapeleka mapacha kwa dada yangu. Nikawaambia wasitoke mpaka niwafuate mimi mwenyewe.

Gereji ile ya mtaa wa Kimanga zamani ilikuwa duka la wakala wa magari mapya. Chumba cha vioo ambamo magari yalikuwa yanaonyeshwa kilikuwa bado kipo, lakini ndani mlikuwa na mapipa ya mazuti, yaani dizeli, na kioo kimoja kilikuwa kimezibwa kwa mbao. Uani, askari watatu walikuwa wamekaa juu ya matairi wakila mahindi ya kuchoma. Nilishika ukuta, nikajifanya natoa jiwe kwenye kandambili.

Bwana wa gereji alitoka akiwa na miwani kichwani. Hakunisalimu. Alimwambia mzee, "Umeleta pesa, ao umeleta mwanamuke?"

"Nimeleta jirani," mzee alijibu. "Yeye anajua kusoma."

"Kusoma ni nini? Moteri imekufa. Tulifungua kulasi, tukaona imepasuka toka huku mpaka huku." Alichora hewani kwa kidole. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, lakini nilisikia. "Na weye muzee, usinisumbue. Nikisema neno moja kwa hawa, watakuuliza kamionete hii ulipata wapi, na unabebeaga nani kule bondeni."

Mzee aliinamisha macho. Sijui ni nini kilichonisukuma. Haikuwa ujasiri. Nadhani ni ile tabia ya ghalani tu. Nilimwambia bwana wa gereji, kwa jina wanaloitwa mabosi, "Patro, samahani. Ningependa kuona pale mulifungua."

"Uone nini?"

"Kulasi tu. Niangalie, kisha twende."

Alicheka, akapunga mkono kuelekea kamionete, kama mtu anayemruhusu mtoto kugusa. Sidhani alifikiri nitajua ninachokitazama. Niliinua boneti. Vumbi la barabara ya Fizi lilikuwa limeshikana na mafuta ya zamani juu ya moteri nzima, na karanga zote, zile nati za kifuniko cha juu, zilikuwa zimefunikwa na tope hilo jeusi, kavu. Kulasi haitoki bila kifuniko hicho kutoka, na spana ingeacha chuma kikimeta. Hakuna aliyegusa karanga hata moja kwa miaka mingi. Nilivuta kile kijiti cha kupimia mafuta, nikakipangusa kwa kitenge changu. Kama kulasi ingekuwa imepasuka, maji yangeingia kwenye mafuta na yangekuwa meupe kama chai ya maziwa. Yalikuwa meusi, safi.

Nilisema polepole sana, "Patro, hapa hapajafunguliwa."

Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori moja waliacha kugonga. Ndipo askari mmoja, mkubwa wao, alipotupa kigunzi chake na kuja. Alikuwa mtu mfupi mwenye macho mekundu, bunduki begani mdomo chini. Alisimama karibu nami mpaka nikasikia harufu ya mahindi. Alitazama moteri, akanitazama mimi.

"Hii kamionete inatembea?" aliuliza.

Nimeyakumbuka maneno hayo matatu maisha yangu yote. Nikisema inatembea, wataipanda mchana uleule, na mzee atalazimishwa kushika usukani. Nikisema haitembei, nimekubali uongo wa gereji, na karatasi ile itabaki juu ya kichwa chake mpaka kesho, siku ya tatu. Nilirudisha kijiti cha mafuta mahali pake, taratibu. Mzee nyuma yangu alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

Bwana wa gereji ndiye aliyejibu. Aliona mali anayoitaka inataka kwenda kwa wengine, akaruka. "Hapana, shefu! Hii imekufa. Moteri imekufa kabisa. Ni chuma tu hii."

"Imekufa?"

"Kabisa, shefu. Hata ufanye nini."

Askari alimtazama kitambo. Aliitazama tena moteri, na mimi nina hakika aliliona lile vumbi kama nilivyoliona mimi. Labda alikuwa dereva kabla ya kuwa askari. Labda alikuwa na yake na bwana yule, sikupata kujua. Alitema mate chini, akasema, "Kama imekufa, inajaza nafasi ya nini hapa? Tuko na magari yetu ya kutengeneza. Muzee, toa chuma yako."

"Shefu, lakini kazi yangu..." bwana wa gereji alianza.

"Kazi gani? Unasema imekufa. Unalipwa kuua?" Wenzake wawili wakacheka. Aliwageukia mafundi. "Nyinyi, sukumeni."

Mzee alitaka kupanda kwenye usukani, na mimi nilimshika mkono kwa nguvu. Niliogopa kwamba kwa mazoea atageuza ufunguo, na moteri itawaka mbele yao wote. Nilimnong'oneza, "Baba, nipe ufunguo. Weye sukuma." Alinipa. Nikapanda mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kushika usukani hata siku moja, nikafunga ufunguo ndani ya ngumi yangu ya kushoto, nikashika gurudumu lile kwa mkono wa kulia kana kwamba litaruka.

Walisukuma. Tulipita geti kwa nafasi ya vidole viwili. Sikutazama nyuma. Nilikuwa nangoja sauti ya kutuita, nikaingoja mpaka dukani pa sabuni, nikaingoja mpaka kanisani. Mafundi walituachia gari pale barabara inapoanza kuteremka, na mmoja wao, kijana mwenye kovu shavuni, aliinama dirishani kama anayeangalia tairi. "Mama, ni ile kitu ya maji mbele," alisema haraka. "Inafunga haifungui." Kisha akaondoka bila kunitazama.

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Mzee alishika usukani, tukateremka bila kuwasha mpaka kwake. Uani kwa mzee tulifunga geti la mabati, akafungua karanga mbili mbele ya moteri, tukatoa kidude cha shaba kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni kufunguka maji yakipata moto, ili yapite kwenda kupoa. Mke wake alitupatia sufuria ya maji iliyokuwa inachemka kwenye mbabula ya makaa. Tulikitumbukiza humo, tukainama watu watano kuzunguka sufuria kama tunaopika chakula cha ajabu. Maji yakachemka na kuchemka. Kile kidude kilibaki kimefunga.

"Hii tu?" mke wake aliuliza.

"Hii tu."

Alianza kulia. Alilia kimya, huku akiendelea kuchochea makaa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Katika joto la kwetu gari hutembea bila kidude hicho. Mzee aliziba mahali pake kwa jointi, kipande cha kuzibia alichokikata kwenye boksi la sabuni, akaweka maji, na hatukuwasha. Tuliogopa sauti. Gari lilikaa siku mbili limefunikwa kwa mikeka na majani ya migomba. Siku ya tatu, mchana, mvua kubwa ilipokuwa inapiga mabati mpaka watu hawasikilizani, aliliwasha mara moja, likakubali. Alipakia mke, wakwe, magodoro na kuku wanne. Alinijia mlangoni amelowa mwili mzima.

"Leta watoto," aliniambia. "Twende pamoja bondeni. Sasa kule ni afadhali kuliko hapa, kuko mashamba, kuko pa kujificha."

Nilikataa. Nilimwambia mume wangu akirudi atanitafuta hapa. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kuonekana ndani ya gari lile, na nadhani alilijua, maana hakunibembeleza. Alinishika mikono yote miwili kwa mikono yake, kwa heshima ya kwao, akaenda.

Bwana wa gereji hakunifanya kitu. Lakini kwa miezi mingi, kila pikipiki yake ilipopita njia yetu, nilisimamisha nilichokuwa nafanya. Nililala na viatu. Niliwafundisha mapacha kupita kwenye tundu la uzio bila kulia. Siku moja alisimamisha ile pikipiki mlangoni pangu, akanitazama nikianika mihogo, akasema, "Mama, habari ya nyumba?" Nikasema nzuri. Akaenda. Jioni ile sikuweza kula.

Habari za mzee sikuzipata mpaka bunduki zilipopungua. Alikuja kwa miguu, na fimbo, amekonda, mke wake nyuma na kigunia cha mchele kichwani. Tulikaa uani. Aliniambia gari lilimbebea mpunga mavuno mawili, kisha watu wenye silaha walilisimamisha karibu na mto wakataka ufunguo.

"Nikawapa," alisema. "Sikusema hata neno. Nikashuka, nikatembea, nikangoja risasi mu mugongo. Haikukuja."

Mume wangu alikuwa amesharudi kutoka Bujumbura wakati huo. Alimletea mzee maji ya kunawa. Mapacha walitoka ndani, warefu, wakamsalimu kama mgeni, na mzee akawacheka kwa kumsahau. Tulikula ndagala na ugali wa mihogo. Alikula polepole, na kila gari lilipopita barabarani, sisi sote wanne wakubwa tuliacha kutafuna mpaka likapita.