Mkate wa Machicha

Siipendi harufu ya maandazi. Imenilea, imenisomesha, na bado siipendi.

Mama yangu alianza kukaanga maandazi pale Masanze baba alipofariki. Alikanda jioni, akakaanga alfajiri, na yaliyobaki sokoni ndiyo tuliyonywea chai. Mdogo wangu wa kike alipewa mawili zaidi, siku nyingine matatu, kwa sababu hakuwa na afya. Tumbo limejaa, miguu vijiti, leo anaharisha, kesho anatapika. Zahanati wakampa dawa za minyoo. Majirani wakatoa ushauri, maana ushauri haununuliwi. Mama akatoa maandazi. “Kula mwanangu, upate nguvu,” alikuwa akimwambia, na mimi, kwa kujifanya dada mwema, nilimsogezea na la kwangu. Alifariki akiwa na miaka tisa. Tukasema kazi ya Mungu haina makosa, tukamaliza matanga, tukarudi kukaanga.

Nilipokuwa mtu mzima nikapata kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi. Wiki moja tukaambiwa anakuja mgeni asiyekula ngano. Si kwamba hapendi, mwili wake hauipokei. Basi tukasugua oveni mara mbili, tukatenga sufuria zake, chekecheo lake, hata vitambaa vyake vya kufutia. Mimi nikapewa kazi ya kumwokea mkate wa unga wa nazi. Wa kwanza niliupima kama ninavyopima ngano, ukatoka mkavu ukamomonyoka mkononi, kwani unga wa nazi unakunywa maji balaa. Unataka unga kidogo na mayai mengi, halafu uuache utulie kabla ya kuuoka. Wa tatu ndio ulioshikamana. Mgeni alikaa siku tatu, akala, akasifu, akaenda zake.

Nilimuuliza mpishi mkuu, kwa umbea tu, mgeni yule akila ngano anakuwaje. Akanitajia huku anakatakata vitunguu: tumbo kujaa, kuharisha, kukonda, damu kupungua, na akiwa mtoto hakui. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia mgeni kwa siku zake tatu za kusuguliwa oveni, wakati mdogo wangu aliishi miaka tisa na hakuna aliyemuuliza anakula nini. Nilijikasirikia na mimi, na lile andazi langu nililokuwa nikimsogezea.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua, hakupimwa. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri, na nikakata shauri la pili: mama asijue. Maji yakimwagika hayazoleki. Kumwambia kungemfaa nani?

Mwaka jana kaka yangu alimpeleka binti yake wa miaka minne akae na bibi yake. Nilipofika Masanze kwa likizo nilimkuta mtoto mkekani, tumbo mbele, miguu ile ile, andazi kila mkono.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Hebu mtazame huyu. Nampa maandazi kutwa, na hanenepi.”

Siku mbili nilitafuta maneno laini, sikuyapata. Siku ya tatu nikakuna nazi, nikakamua tui la mboga, na machicha, ambayo kwetu humwagiwa kuku, nikayaanika juani. Yalipokauka nikayatwanga, nikayachekecha, nikapasua mayai, nikaoka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mama alikuwa pembeni anakanda unga wake wa ngano, ananitazama kwa jicho la pembeni.

“Mjukuu wangu unamlisha chakula cha kuku? Ndiyo mnayofundishwa huko Mikumi?”

Nikamwambia. Nilimweleza habari za ngano, tumbo, kuharisha, mtoto asiyekua. Nilimweleza kwamba maandazi yaachwe kabisa, hata kipande. Marehemu sikumtaja. Mikono ya mama ilisimama ndani ya unga.

“Unaniambia nini?”

“Nakuambia habari za mtoto huyu, mama.”

“Unaniambia nilimuua mwanangu.”

“Hatukujua, mama. Na mimi nilikuwa nampa.”

“Toka kwangu.”

Nikatoka na begi langu, nikapanda bodaboda bila kuaga. Nilikuwa na uchungu, na nilikuwa na hofu kubwa zaidi kwamba atamlisha mtoto kwa kunikomoa. Wiki mbili baadaye kaka akanipigia simu. Mama ameacha kukaanga. Karai amempa jirani. Kila siku anaanika machicha, anatwanga, anaoka, na mtu akigusa chombo cha mtoto kwa mkono wenye unga anagombezwa mpaka anajuta. Simu zangu hakupokea hata moja.

Mwezi uliopita nilikwenda bila kualikwa. Mtoto alinipokea njiani mbio, mashavu yamejaa, akaninyang'anya mkoba. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi kidogo. Mama aliitikia shikamoo yangu akiangalia ukuta. Nilimwambia mtoto amependeza, amenenepa. Nilitamani niyameze maneno hayo yalipokuwa bado mdomoni. Hakuna kipimo mama alichohitaji zaidi ya mashavu yale.

Aliepua mkate, akaukata, akampangia mtoto kwenye sahani, akamnawisha mikono. Kisha akajifunga khanga vizuri akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Kaka, ambaye naye alikuwa amekuja kumwona bintiye, alinong'ona kwamba ndivyo afanyavyo kila siku, hawezi kumtazama akila.

“Bibi,” mtoto aliita, mdomo umejaa, “njoo tule.”

Mama alijibu kutoka kule nyuma kwamba ameshiba.